Pale Simu Iliposhika

Waliliondoa jiwe kwa mitaimbo, watu wakihesabu kwa pamoja, na lilipobingirika Erastus alimtazama mke wake akamwambia amfunike miguu, anahisi baridi. Jua lilikuwa kali. Apiyo alifungua leso aliyojifunga kiunoni, akamfunika. Leso ilikuwa na unga wa mandazi. Ilianza kulowa kutoka chini, upande wa kulia.

Kabla ya hapo Apiyo alikuwa juu kwenye kibanda chake cha chakula ukingoni mwa machimbo, akiepua sufuria ya githeri, aliposikia patasi na nyundo zimenyamaza. Sauti ile haikuwa ikinyamaza kabla ya saa ya chakula. Akashuka, mwiko ungali mkononi. Ukuta wa upande wa mto ulikuwa umemeguka. Tangu mvua zianze wachongaji walikuwa wakisema ukuta ule unatoa maji, na Kagwe, nyapara wao, akawajibu kwamba anayeogopa maji aende akachume kahawa.

Lori lilikuwa pale pale, limeshapakiwa mawe ya mteja wa mtaa wa Kahawa Sukari. Kimeu, dereva, alikuwa ameanza kutandika magunia juu ya mawe.

"Ngoja kwanza," Kagwe akamwambia.

"Ningoje nini? Hospitali ya Thika si mbali. Si unaona huyu mtu?"

"Mzee hajasema. Hilo lori ni la baba yako? Yule mwenzako aliyebeba mgonjwa bila kuuliza, leo anafanya kazi wapi?"

Kimeu akashusha gunia.

Mzee Zacharia, mwenye machimbo, aliishi Ruiru. Kagwe alikuwa na simu ya mkononi aliyopewa na Mzee ili aweze kuulizwa, kutoka Ruiru au popote Mzee alipo, lori gani limetoka na lipi halijatoka. Ilikuwa nzito, na mkonga wa antena wa kuvuta. Huko chini shimoni ilikuwa chuma tu. Ilishika mahali pamoja: juu ya rundo la vifusi, mtu akisimama ameelekea Ruiru.

Kagwe alianza kupanda. Apiyo akamwangalia mume wake.

"Nenda ukamsikize, mama Dorine," Erastus akasema. "Mimi niko."

Vifusi viliteleza chini ya miguu yao. Kule juu Kagwe aliuvuta mkonga, akabonyeza, akangoja, akabonyeza tena. Mara ya kwanza simu ililia huko iendako, ikakatika. Mara ya pili mtu alisema helo, ikakatika. Akasogea hatua moja upande, akainama, akainuka.

"Network inaenda ikirudi," akasema, kama mtu anayeomba radhi kwa niaba ya ndugu yake.

Kisha ikashika. Sauti ya Mzee Zacharia ilikuwa kubwa hata Apiyo aliisikia yote.

"Ni nani?"

"Ni Kagwe, Mzee. Kuna mtu ameangukiwa na jiwe."

"Amekufa?"

"Hapana, anaongea."

"Ni wa kuandikwa ama ni kibarua?"

"Kibarua."

"Kuna askari hapo? Kuna mtu wa gazeti?"

"Hakuna. Tuko sisi tu. Kimeu anauliza kama lori limpeleke Thika."

Upande ule mwingine palisikika sahani na watu wanaocheka. "Mawe ya Kahawa Sukari yametoka?"

"Bado, Mzee."

"Sasa sikiza. Hilo lori lisi..."

Hapakuwa na kitu tena. Kagwe aliibandua simu sikioni, akaitazama, akairudisha sikioni.

"Mzee? Mzee?"

"Amesema lisikawie," Apiyo akasema.

"Amesema lisitoke."

"Hukusikia. Ilikatika kwa lisi. Nilikuwa hapa."

"Wewe humjui Mzee. Mimi najua anavyomaliza maneno."

"Basi muulize tena."

Akapiga. Ikatoa mlio mmoja mrefu. Akapiga. Kule chini wachongaji walikuwa wamesimama wamewazunguka Erastus na Kimeu, nyuso zote zimeelekea juu kwao. Kutoka pale Apiyo aliona leso tu. Ilikuwa nyekundu tangu dukani, kwa hivyo hakuweza kujua.

Alimshika Kagwe mkono wa shati. "Bwana Kagwe. Tafadhali."

"Unataka nifanye nini, mama? Lori likitoka na alisema lisitoke, mimi na Kimeu tumefutwa. Ngoja ishike. Ikishika tu, anamaliza neno lake, mnaenda."

Wakangoja ishike. Kagwe alitembea juu ya vifusi, huku na huku, mkonga umeinuliwa. Mara moja ilishika, ikalia, mtu hakuchukua. Apiyo alimfuata kila aliposogea, kwa sababu hakujua mahali pengine pa kusimama. Mwishowe simu ililia kidogo kama kifaranga, ikazimika. Betri.

Alipogeuka aliona Kimeu hakungoja tena. Walikuwa wakimpandisha Erastus, mmoja ameshika kichwa, na injini imewaka. Apiyo alishuka vifusi kwa makalio. Hapakuwa na wakati wa kushusha mawe, wala Erastus hakuweza kukaa kitini mbele, kwa hivyo walimlaza juu ya magunia, juu ya mawe ya Kahawa Sukari, na mkewe akaketi kichwani pake.

Kagwe alisimama kando ya njia na simu yake mkononi. Hakuwazuia.

Walipopita Juja wanafunzi walikuwa wengi barabarani. "Tumefika wapi?" Erastus akauliza.

"Juja."

Hakuuliza tena. Apiyo aliendelea kuishikilia leso pembe mbili, upepo usiichukue, mpaka geti la hospitali.

Pale Thika mwuguzi alimpima shingoni, akainua kope, akaishusha. Alikuwa mama mtu mzima mwenye uchovu. "Damu imemwishia," akasema. "Mngemleta mapema. Alikuwa wapi muda wote huu?"

"Tulikuwa tunapiga simu," Apiyo akasema.

Kimeu alifutwa jioni ile. Mteja wa Kahawa Sukari alikuwa ameyaona mawe yana damu, akayakataa.

Mzee Zacharia alikuja Kiganjo, kwenye ploti ya vyumba vya mabati alikopanga Apiyo, akiwa na jeneza alilolinunua yeye mwenyewe. Alipewa kiti kimoja kilichokuwapo. Wachongaji walijaa mlangoni.

"Mimi nilisema lisikawie," akawaambia, sauti ya chini, macho yamelowa kidogo. "Lori lisikawie hata dakika. Watu wangu hawakunisikia. Ni network ilitufanyia hivi. Si mtu."

Kagwe alikuwa nyuma yake, akizungusha kofia vidoleni. Apiyo alimtazama. Kagwe aliitazama kofia.

Apiyo alijaribu kuisikia tena sauti ile ya juu ya vifusi, iendelee mbele kidogo tu baada ya pale ilipokatika. Haikuendelea. Huko nje injini ya lori ilikuwa inanguruma, dereva mpya kwenye usukani, tayari kulipeleka jeneza Ugunja, kwao Erastus. Lori lilikuwa la Mzee, na mafuta pia.

"Asante, Mzee," akasema.

Alizika, akamwacha Dorine kwa nyanyake, akarudi kwenye kibanda. Wachongaji walikula githeri yake, wakamwita mama Dorine kama kawaida. Ukuta wa upande wa mto uliendelea kuchongwa.

Mwaka uliofuata kampuni ya simu ilitafuta mahali pa kusimamisha mnara, na Mzee Zacharia akawapa sehemu ya shamba lake la Ruiru, kwa kodi. Mnara ulipomalizika, Kagwe alikuja kibandani. Hakuagiza chakula.

"Jumamosi Mzee anataka uwe Ruiru. Kuna sherehe. Utakaa mbele."

"Ya nini?"

"Anataka watu wakuone."

"Nikikataa?"

Kagwe alikiangalia kibanda, sufuria, mabenchi ya mbao. "Hiki kiko kwa shamba la nani, mama?"

Alikwenda. Kulikuwa na mahema, viti vyeupe vya plastiki, soda. Wageni walikuwa wametoka Nairobi na magari yao. Mzee Zacharia alishika kipaza sauti, akasimulia juu ya mfanyakazi aliyempenda kama mwanawe, aliyekufa kwa kukosa mawasiliano tu, akamwomba mjane asimame. Apiyo akasimama. Watu wakatikisa vichwa, kisha wakapiga makofi.

Msichana wa kampuni, mwenye suti ya bluu, alimpa simu ndogo, nyepesi kama sabuni iliyotumika. Mzee alivuka uwanja wa nyasi na yake mpaka kwenye ua, akageuka. Simu ililia mkononi mwa Apiyo. Msichana alimbonyezea, akaisukuma kwa upole mpaka sikioni.

"Mama Dorine, unanisikia?"

Sauti ilimfikia mara mbili, kwanza kupitia nyasi, kisha sikioni.

"Nakusikia, Mzee."

"Vizuri?"

"Vizuri kabisa."

Makofi tena. Mpiga picha wa gazeti alikuja mbio akisema alikuwa anabadilisha filamu, tafadhali warudie. Msichana akabonyeza. Kule kwenye ua Mzee aliyakatiza mazungumzo yake na wageni, akainua simu.

"Mama Dorine, unanisikia?"

"Nakusikia."

"Bado, bado," mpiga picha akasema, jicho moja amelifunga. "Usishushe simu, mama. Sogea kulia kidogo. Mnara hauingii."

Apiyo akasogea.