Siku ya Kuonja

"Hivi, mtu akijua dawa haifai, akakaa kungoja zamu yake ya kusema, Mungu atamwita mpole au muuaji?" Jirani yangu aliniuliza hivyo zamani, tukichambua mchele. Nikamsimulia habari za nchi ya Mfalme Kiboko.

Katika nchi ile mganga hakuruhusiwa kumpa mtu dawa kabla hajainywa mwenyewe uwanjani, watu wakimtazama. Sheria nzuri, wala haikufutwa hata siku moja. Kilichobadilishwa ni kilichomo kikombeni.

Mwaka wa kifaduro, Mganga Mkuu Nyani alileta dawa iliyopewa jina la Mfalme. Mshika kikombe alikuwa Swala, mama mjane. Alipokinusa kile kikombe akajua ni maji ya ukwaju matupu. Dawa yenyewe ilikuwa pipani, ile ile iliyojaribiwa kwa watoto wa Sungura kule mpakani. Walikunywa ishirini, wakaamka tisa. Waliobaki Swala aliwafunika shuka kwa mikono yake.

Nyani akanywa, akafuta midomo. Watu wakapiga makofi. Swala akanyamaza, maana mshika kikombe hasemi uwanjani. Husema barazani, tena akiulizwa. Basi akamwacha mwanawe, ambaye naye alikuwa akikohoa, kwa bibi yake mzaa baba, akaingia barazani kungoja.

Baraza likaanza kwa dua. Zikafuata shukrani kwa Mfalme, kisha shukrani kwa waliotoa shukrani. Jua lilikuwa limeshapanda sana alipoulizwa.

"Mtukufu, Mganga hakunywa dawa. Alikunywa ukwaju."

Nyani hakukana. "Mama, mimi mtu mzima. Nikidhurika, nani atawatibu?"

"Na watoto wa Sungura?"

"Wale walikuwa dhaifu tangu tumboni. Imeandikwa."

"Imeandikwa na nani?"

"Na tume."

"Mwenyekiti wa tume ni nani?"

"Mimi. Kwani kuna mwingine anayeijua dawa hii?"

Wazee wakacheka. Waziri Fisi akainama kwa adabu. "Dada Swala, neno lako ni zito. Litaundiwa kamati."

Mfalme, aliyekuwa akisinzia, akafumbua jicho moja. "Kwa hiyo dawa isimamishwe kwanza?"

Swala akapiga magoti, akaanza kumshukuru Mungu.

"Isimamishwe ipi tena, Mtukufu?" akasema Fisi. "Pipa limekwisha tulipokuwa kwenye shukrani. Watu wamejitokeza vizuri sana. Tena huyu mama tumpongeze. Mama mkwe wake ndiye aliyetangulia mbele na mjukuu, akasema mtoto wa mshika kikombe hawezi kuwa wa pili."

Wakampigia makofi. Swala akainuka, akapita katikati yao, akatoka kwenda kwa mwanawe.