Foleni ya Kaunta ya Tatu

Jumanne, saa nne na ushei, mkunga mstaafu aliingia supamaketi. Akachukua mkate, maziwa na trei ya mayai, akaipita kaunta ya tatu kana kwamba pamejengwa ukuta, akaenda kupanga foleni kaunta ya tano nyuma ya watu saba.

Kaunta ya tatu haikuwa na mtu hata mmoja. Keshia wake, binti ambaye wateja walimzoea kwa jina la Mayai, alibaki na mikono juu ya mkanda mweusi wa kusogezea bidhaa, hajui aiweke wapi.

Kwa miaka sita mkunga hakuwahi kulipia kwingine. Siku ya kwanza ya Mayai kazini, alimpa mama huyo trei yenye mayai sita yaliyopasuka. Kesho yake mkunga alirudi. Hakwenda kwa msimamizi. Alisimama pale pale akasema kwa sauti ndogo, "Kuanzia leo uwe unayageuza kabla hujanipa." Tangu hapo Mayai akawa anafungua kila trei na kugeuza yai moja moja, la mkunga na la mtu mwingine yeyote. Hakuwa msemaji. Maneno yalimkauka mdomoni mbele za watu. Lakini mayai yake yalifika nyumbani mazima, na foleni yake ilikuwa ndefu kuliko zote.

Mpaka ilipokuja minyororo.

Wiki sita nyuma, mwenye duka alichoshwa na watu wa ofisi za jirani walioacha magari yao pale kutwa nzima bila kununua hata kiberiti. Akaleta kampuni ya kulinda maegesho. Bango likasimamishwa: mteja ana saa moja na nusu, akizidisha, gurudumu linafungwa mnyororo mpaka alipe faini. Watu wa ofisi walihama ndani ya siku tatu. Minyororo haikupungua. Ikawageukia watu wa mtaa wa nyuma, wale wanaokuja kila siku, wale wale wa kaunta ya tatu. Kila mmoja aliapa kwamba hakukaa hata dakika ishirini. Kampuni ikajibu kwamba risiti inaonyesha saa uliyolipa, haionyeshi saa uliyoingia.

Na mfunga minyororo alikuwa kaka yake Mayai, tumbo moja.

Mchana huo alikuja kinyozi, mtu wa utani, naye wa mtaa wa nyuma. Aliweka trei juu ya mkanda na kuifunika kwa kiganja.

"Dada, mimi usinigeuzie. Nipe hivyo hivyo. Yaliyopasuka nitakaanga."

"Kwa nini?"

"Ukimaliza kugeuza thelathini, huko nje nimeshafungwa." Akacheka peke yake.

Mayai hakucheka. "Nani amesema hivyo?"

"Mimi sisemi, watu ndio wanasema. Mmeonekana nyuma ya stoo, wewe na yule bwana wa minyororo, mnakula bakuli moja. Nikawaambia labda ni mchumba wake. Wakaniambia mchumba au si mchumba, huyu ndani anachelewesha, yule nje anafunga. Wamegawana kazi."

"Ni kaka yangu."

"Basi hapo ndipo umeharibu kabisa," kinyozi akasema, akaondoka na trei yake.

Kabla ya kufunga, msimamizi alisimama mbele ya kaunta akaitazama taa yake. "Hii inakula umeme bure. Jumamosi ikiwa bado hivi, naizima. Wewe utakwenda stoo kupanga maboksi. Huko hakuna wa kuongea naye. Si ndivyo unavyopenda?"

Mayai alitaka kumwambia kwamba pale kaunta ndipo mahali pekee duniani ambapo watu walimsubiri yeye. Akasema, "Sawa, bosi."

Jioni, kwenye vyumba viwili alivyopanga na kaka yake, alimtazama akivua viatu. Vilikuwa viatu vipya, vya ngozi, vyenye soli nene. Wiki sita zilizopita asingejiuliza vimetoka wapi. Sasa alijiuliza, akaona aibu, akaendelea kujiuliza. Tena kulikuwa na jambo jingine. Wakati wa kula yeye ndiye aliyekuwa akimsimulia kaka yake habari za wateja: nani anakuja saa ngapi, nani hakosi hata siku moja.

"Kaka, yule mkunga mwenye gari la kijani, umemfunga mara ngapi?"

"Mbili. Ana tabia ya kukaa."

"Hakai. Mimi namwona."

"Unaona mlango wewe? Unaona mkanda tu."

"Wateja unaowafunga ni wangu. Wote. Na mimi ndiye niliyekusimulia habari zao."

Kaka aliacha kufungua kamba za kiatu. "Unataka kusema nini?"

"Sisemi kitu."

"Sema. Umekaa hapo unanikagua kuanzia kichwani mpaka soli. Hivi tumepewa na kampuni, kama ndicho kinachokuwasha. Na mimi nina swali langu. Kuna watu wanatoka mbio dakika mbili kabla sijafika kwenye gari. Nani anawatonya?"

Walitazamana. Kaka akamaliza kufungua kamba za kiatu.

"Kazi yangu ni rahisi," kaka alisema mwishoni. "Napita kila saa. Gari lisilo na alama, naliandika saa kwenye tairi kwa chaki. Lenye alama nalisoma. Saa moja na nusu ikipita, nafunga. Mkunga nani, kinyozi nani, mimi sijui. Nasoma tairi."

Alisema kama mtu mkweli. Lakini, Mayai aliwaza, hata mwongo angesema hivyo hivyo.

Jumatano ilikuwa siku yake ya mapumziko. Alitembea hadi mtaa wa nyuma akagonga geti la mkunga. Geti lilifunguka upana wa uso mmoja.

"Umetumwa?"

"Hapana, Mama. Nimekuja mwenyewe."

"Kuangalia kama gari lipo, au kama mwenyewe nipo?"

Maneno yote aliyoyapanga njiani yakamkimbia. Akafanya anavyofanya siku zote akizidiwa, akatazama chini. Na huko chini, kupitia uwazi wa geti, aliona tairi la nyuma la gari la kijani. Karibu na rimu, mahali ambapo mwenye gari hana sababu ya kuangalia, palikuwa na namba nne ya chaki. Aliijua nne hiyo. Kaka yake huiandika kama kiti kilichopinduliwa, tangu walipokuwa wadogo.

"Mama, leo umetoka na gari?"

"Sasa unanihoji?"

"Naomba uniambie tu."

"Sijalitoa tangu jana niliporudi dukani kwenu. Na sirudi tena."

"Siku ulizofungwa, ulifika saa ngapi?"

Mkunga alimpima kwa macho kabla ya kujibu. "Saa sita. Zote mbili nilipitia kwanza kwa mgonjwa."

"Na siku iliyotangulia?"

"Saa nne, kama kawaida yangu. Kwani kuna nini?"

Mayai alijipenyeza getini akachuchumaa kwenye tairi. Alinyoosha ncha ya kanga kuifuta ile nne, akarudisha mkono. Akiifuta, gari litapona. Lakini nani atamwamini?

"Toka hapo," mkunga alisema nyuma yake. "Unabandika nini kwenye gari langu?"

"Sibandiki, Mama. Njoo uone."

Akaeleza akiwa amechuchumaa vile vile, na hayo yalikuwa maneno mengi kuliko aliyowahi kusema mfululizo. Mvua haijanyesha tangu minyororo ije. Kutoka pale hadi dukani ni mwendo mfupi, barabara ya lami, hakuna tope la kufuta kitu. Anayekuja mara moja kwa wiki, alama yake inakuwa imekwisha njiani. Anayekuja kila siku anakuja na alama ya jana. Leo saa nne, imeandikwa nne. Kesho akifika saa sita, tairi linasema yuko pale tangu nne, hata kama ndiyo kwanza anazima injini.

Mkunga aliinama akaitazama ile nne. Kisha akasema, "Au kaka yako ameandika, na wewe umekuja kuitafutia hadithi."

"Basi usiifute. Kesho njoo saa sita. Ukifika usishuke. Kaa ndani."

"Yaani nijipeleke mwenyewe nikafungwe mara ya tatu?"

"Ndiyo, Mama."

Mkunga alimtazama kama anavyomtazama mwanamke anayesema uchungu bado. Akamtoa nje, akafunga geti bila kusema ndiyo wala hapana.

Jioni ile kaka aliuliza, "Umeshinda wapi?"

"Nimetembeatembea tu."

Alimpakulia chakula, wakala. Angeweza kumwambia. Kaka angerekebisha kimyakimya, na kwa watu Mayai angebaki yule yule mchelewesha wateja. Watu walikuwa wamemsingizia kula njama. Sasa alikuwa anakula njama kweli, na asiyejua ni huyu aliyechovya naye bakuli moja.

Alhamisi, saa sita kasoro dakika mbili, gari la kijani liliingia na kusimama karibu na vioo vya duka. Mayai aliliona kutoka kwenye kaunta yake tupu. Mkunga hakushuka. Alilaza kiti nyuma, akajifunika mtandio usoni kama mzigo.

Kaka akaja na mzunguko wake. Aliinama, akasoma tairi, akatazama saa yake, akaenda kuburuta mnyororo.

"Bosi," Mayai aliita. Msimamizi aligeuka kwa mshangao. Hakuwahi kuitwa na binti huyu. "Naomba uje nje."

Walifika mlangoni kufuli ikilia. Hapo hapo kioo cha gari kikateremka.

"Hujambo, mwanangu," mkunga alisema.

Kaka aliruka hatua nzima. "Mama, umezidisha. Gari lipo tangu saa nne."

"Weka mkono kwenye boneti."

"Mama, kila mtu hapa ana maelezo yake."

"Sijakuomba maelezo. Nimesema weka mkono."

Aliuweka, akauondoa upesi. Kinyozi, aliyekuwa anapita zake barabarani, alisimama. "Imeiva?" akauliza.

"Nimeingia sasa hivi," mkunga alimwambia msimamizi. "Hiyo nne ni ya juzi."

Kaka hakubisha. Alikwenda gari la pili, akainama. La tatu, akainama. Kwenye la tatu alikaa chini kwa muda mrefu, akisugua tairi kwa kidole gumba. Aliporudi hakumtazama mkunga wala bosi. Alimtazama dada yake.

"Ulijua."

"Tangu jana."

"Na jana tulikula."

"Ndiyo," Mayai alisema, na safari hii hakutazama chini.

Kampuni ilirudisha faini za waliokuja kupiga kelele, za waliokaa kimya ikazinyamazia. Kaka alipewa kitambaa na ndoo: kila gari linaloingia lifutwe kwanza. Tangu Alhamisi hakuja kula nyuma ya stoo. Mayai alikula nusu yake, nusu akaiacha pale. Baadaye alikuta bakuli tupu, limeoshwa.

Jumamosi ilipofika mchana, kaunta ya tatu ilikuwa na watu wanne. Zamani wangekuwa kumi na zaidi. Kinyozi alituma salamu tu. Alikuwa ameshazijua rafu za duka jingine, chumvi iko wapi, sabuni iko wapi, na hakuona sababu ya kuanza upya. Msimamizi alipita, akahesabu vichwa kwa macho, akaendelea na safari yake. Taa ikabaki inawaka.

Mtu wa nne alikuwa mkunga. Aliweka trei juu ya mkanda.

"Geuza."

Mayai alianza. La kwanza, la pili, la tatu. Alipoinua macho, mkunga hakuwa anayatazama mayai. Alikuwa amegeukia kioo, shingo imenyooka, anaangalia maegesho. Nje, kaka alikuwa amechuchumaa nyuma ya gari la kijani.

"Anafanya nini pale?"

"Anafuta, Mama."

"Una hakika?"

Mayai aliweka chini yai alilolishika, akatazama vizuri. Mkono wa kaka ulikwenda na kurudi, ndoo iko pembeni. Hakuona chaki mkononi. Akatazama tena.

"Anafuta."

"Haya," mkunga alisema, bila kugeuza shingo. "Endelea. Usiruke hata moja."