Mzee Randa Haumwi

Baba yangu haumwi. Hiyo ni sheria ya nyumbani kwetu, na niliikuta. Ni fundi seremala, mtaani wanamwita Mzee Randa, na siku msumeno ulipomchana kidole alikifunga kitambaa, akamaliza droo ya mteja, ndipo akaenda kushonwa. Mimi ni bintiye wa pili, daktari wa meno. Jumanne moja mama alimleta kliniki kwangu, shavu limevimba upande mmoja.

"Mgonjwa wako huyo," mama akasema mlangoni. "Siku ya tatu leo hali, halali, na ukimuuliza anasema ni upepo." Akaenda zake kukaa mapokezi.

"Ng'oa tuondoke," baba akasema, akijilaza kitini.

"Haling'olewi, baba. Tunatibu mzizi, jino linabaki."

Nikampiga picha, nayo ikanitia mashakani. Magego mawili ya chini, majirani, yote yametoboka hadi karibu na mshipa wa fahamu. Linalomtesa ni moja tu. Nikifungua lisilo lenyewe, nitaua mshipa wenye afya, na maumivu yabaki palepale yakinicheka. Picha haisemi ni lipi. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Wa kusema ni mwenye jino.

Nikagonga gego la mbele kwa mpini wa kioo changu cha meno. "Inauma?"

"Haiumi."

Nikagonga la nyuma. "Na hapa?"

"Haiumi."

Nikaweka pamba ya baridi, kwanza huku, kisha kule. Kote kope zilimcheza, kote akasema ni ubaridi tu. Nesi wangu akashindwa kujizuia: "Mzee, hapa hatugawi medali, jamani!"

Hasira zikanipanda, nakiri. Kwenye kiti hicho wamelia mabaunsa, wakaita mama zao, na mimi sikuwacheka. Huyu mmoja tu ndiye aliyekuja kunikomoa kwa ushujaa.

Na ushujaa wake naujua. Nilipokuwa na miaka minane nilianguka kutoka juu ya rundo la mbao, karakanani kwake. Akanishika bega. "Haiumi," akasema, "nyanyuka." Nikanyanyuka. Siku mbili nilitembea na mkono uliovunjika, mpaka mama aliponivalisha sare ya shule akaona ulivyopinda. Jambo hilo halikuzungumzwa tena nyumbani, nami sikulitaja.

Nikaweka kioo chini.

"Baba, nisikilize. Una mbao mbili, moja imeliwa na wadudu ndani, nyingine nzima. Ukinificha, nitaipiga tindo ile nzima, mbovu niiache. Wewe ungemvumilia fundi wa namna hiyo?"

Mbao alizielewa.

"Gonga tena," akasema.

Nikagonga la mbele. Kimya. Nikagonga la nyuma.

"Inauma," akasema. Sauti ilikuwa ndogo, sikuizoea. Kisha akaongeza, "Inauma sana, mwanangu."

Nesi akageuka akaanza kupanga vifaa vilivyokuwa vimekwisha kupangwa. Mimi nikachoma sindano ya ganzi, nikasubiri, nikatoboa. Kazi ilikuwa ya kawaida: mifereji mitatu, visindano vyembamba, dawa ya kusafishia, picha nyingine ya kuhakikisha. Mshipa ulitoka kwenye ncha ya kisindano, mwembamba kuliko uzi wa kushonea kifungo. Nikamwonyesha.

"Kadude haka?" akasema, mdomo umepinda kwa ganzi. "Haka ndiko kalikoniliza?"

"Ulilia?"

"Bafuni. Mama yako asijue."

Nikaziba jino kwa dawa ya muda, nikamwambia arudi wiki ijayo tumalizie, asitafunie upande huo, na asikae na misumari mdomoni. Kwa mara ya kwanza hakubisha. Nilidhani tumemaliza. Lakini hakushuka kitini. Alikaa anautazama mkono wangu wa kushoto, pale kwenye kiwiko, ambapo mpaka leo haunyooki vizuri.

"Ule mkono," akasema. "Siku ile ya mbao. Uliuma?"

Nikavua glavu moja, kisha ya pili.

"Uliuma, baba. Siku mbili nzima."

Akatikisa kichwa polepole, akajifuta mate yaliyokuwa yanamtoka bila yeye kuyahisi.

"Pole," akasema. Ganzi ilikuwa imelikata neno nusu, nikalipokea hivyo hivyo.