Unga Usiochekechwa

Unga wa kikundi hauchekechwi wala hautiwi sukari. Atakayevunja sheria hii atatwanga ngano ya mwezi mzima kwa mikono yake mwenyewe, mchana, mbele ya ukumbi, mahali ambapo kila mtu hupita. Maneno hayo yamebandikwa katika ukumbi wa zamani wa wafanyakazi wa reli, hapa Kamina, na kila mgonjwa wa kisukari katika kikundi chetu anayajua kwa moyo. Mwandiko ni wangu. Nilifundishwa kuandika na mapadre, nami nimeuonea fahari mwandiko huo maisha yangu yote.

Sababu ya sheria ilikuwa wazi. Ngano hutufikia kwa treni ikiwa punje nzima. Tunaisagisha mashineni, na kila Jumamosi mke wangu, Phébé, huoka mikate midogo ya kuwagawia wagonjwa. Muuguzi wetu, Mama Salomé, alitufundisha kwamba punje ina sehemu tatu. Ngozi yake, ambayo sisi huiita pumba, ina nyuzinyuzi zinazoichelewesha sukari kuingia katika damu na kulishibisha tumbo mapema. Kiini chake kina vitamini na madini. Sehemu nyeupe, iliyo kubwa kuliko zote, ni wanga. Ukiichekecha ngano, watupa kilicho bora na kubaki na wanga. Wageni waliojiunga nasi niliwakaririsha somo hilo kama katekisimu, na aliyekosea nilimrudisha mwanzo.

Basi na niseme nilichokifanya.

Amédée, niliyesoma naye misheni miaka ya hamsini, aliniandikia kutoka Luena kwamba atakuja kukitazama kikundi. Pale misheni mapadre walikula mkate mweupe. Mkate wa pumba ulikuwa wa mwanafunzi aliyeadhibiwa. Aliula amesimama, nasi tukamtazama. Nimeishi miaka sabini na minane, na bado sikuweza kumwekea Amédée mkate huo mezani. Ijumaa alasiri, Phébé akiwa sokoni, nilichukua chekecheke lake nikauchekecha unga wote, nikautia na vikombe viwili vya sukari. Pumba niliwamwagia kuku.

Amédée alikula mikate mitatu, akasema tumeendelea. Wanakikundi nao walifurahi. Walipouliza kwa nini mikate imekuwa laini na myeupe, nilijibu kwamba mashine imewekewa mawe mapya. Uongo huo niliutamka kwa sauti ileile ninayosomea Injili kanisani.

Ningeliacha siku hiyo, pengine ningelisameheka. Lakini Jumamosi iliyofuata waliniomba mikate ya namna ileile, nami nilipenda kusifiwa. Niliendelea wiki tano. Mama Salomé alikuwa ametumwa Kinkondja, hapakuwa na wa kuuchunguza mkate. Phébé alijua, kwa sababu unga haumdanganyi mwokaji. Siku moja, akiwawekea kuku maji, alisema bila kunitazama:

«Kuku zinanona, Shafii anakonda.»

Nilimwambia asichanganye mambo.

Shafii ni mfanyabiashara wa vitenge, Mwislamu wa ukoo uliotoka Maniema zamani, mtu mpole asiyekosa mkutano. Mama Salomé alikuwa amemwagiza aache bukari, yaani ugali, ya jioni na badala yake ale mikate miwili ya kikundi. Sisi wengine tulikula mmoja siku ya Jumamosi, kisha tukarudia chakula chetu. Yeye alibeba ya wiki nzima na kuila kama alivyoagizwa. Mama Salomé aliporudi na kutupima, sukari katika damu yake ilikuwa imepanda kutoka mia na arobaini hadi mia mbili na tisini, na kidonda cha kidole cha mguu kilichokuwa kinafunga kilikuwa kimefunguka.

Tunayo sheria nyingine: anayekula sukari kwa siri anaondolewa, na akiondolewa hapati tena dawa wala vipimo tunavyovipata kwa pamoja. Shafii asingeweza kuvinunua peke yake. Biashara yake ilikuwa imelala. Wanakikundi walinitaka mimi, Papa Edmond, mwenyekiti wao, niiandike barua ya kumwondoa. Niliiandika. Nilichora hata mstari chini ya jina lake kwa rula.

Siku ya kuisoma ukumbi ulijaa. Musau, fundi wa zamani wa vichwa vya treni, ambaye hawezi kukaa na neno la mzaha kinywani, alianza mapema, akimwita yaya, yaani kaka, kama tunavyosema hapa.

«Yaya Shafii, sema tu. Chai ya kwenu, kijiko kinasimama mu kikombe pekee yake.»

Watu walicheka. Shafii hakucheka. Alisimama, mguu mmoja katika kiatu na mwingine katika kandambili kwa ajili ya kidonda.

«Minyi sikukula sukari,» alisema. «Mama Salomé aliniambia mikate mbili mangaribi. Njo ile nilikula. Hakuna kingine.»

Mama Salomé aliomba apewe mkate mmoja. Aliumega katikati, akausogeza dirishani, akatafuta kwa ukucha vile vipande vyekundu vya pumba. Hakuvipata. Akaweka kipande ulimini, kisha akakitema katika kiganja chake.

«Huu unga ulipita wapi?» aliuliza.

Macho yote yakamgeukia Phébé, kwa kuwa yeye ndiye mwokaji. Phébé aliinamisha kichwa, hakunitaja. Nami, ndugu msomaji, nilinyamaza. Niliacha mke wangu wa miaka hamsini na mmoja atazamwe hivyo kwa muda ambao mtu angeweza kusali Baba Yetu mpaka mwisho. Kati ya yote niliyoyafanya, huo ndio muda ambao sijapata namna ya kuueleza mbele za Mungu.

Kisha nilisimama, nikaichana barua, nikasema: «Ni mimi. Nimechekecha unga wiki tano, na sukari nimeitia mimi. Shafii hana kosa. Mawe ya mashine ni yaleyale.»

Hakuna aliyecheka. Shafii ndiye aliyesema wa kwanza. Aliomba nisamehewe adhabu, akisema Papa Edmond ni mzee, atauwezaje mchi? Naungama kwamba nilitamani wamsikilize. Lakini Mama Salomé aliutazama ukuta uliobandikwa sheria.

«Sheria iko ya nani ile, Papa?»

«Yangu,» nilijibu.

Nilitwanga siku kumi na moja. Kwetu kinu si kazi ya mwanamume, na barabara ile huelekea sokoni. Wanawake walipunguza mwendo wakipita. Mmoja, mwenye beseni la samaki kichwani, alisimama akanionyesha mahali pa kuushika mchi, akaenda zake. Watu niliowafundisha katekisimu walinisalimu wakitazama pembeni. Viganja vyangu vilichubuka siku ya pili. Siku ya tatu Musau aliniletea kitambaa cha kuvifungia na kusema kwamba mchi haujui diploma, kisha akaketi kivulini mpaka nilipomaliza zamu.

Pumba yote ilibaki ndani. Nilihakikisha hilo kwa vidole.

Phébé alioka. Hakuniambia neno la lawama, jambo lililoniwia zito kuliko mchi. Shafii alirudia mikate yake miwili ya jioni, na siku ya kumi na moja Mama Salomé alimpima palepale karibu na kinu: mia na tisini. Bado juu, alisema, lakini inashuka, na kidonda kimekauka pembeni.

Zilikuwa zimebaki konzi mbili za ngano. Nilizitwanga. Shafii akachukua mkate wa siku hiyo, mweusi na mgumu, akaumega na kunipa nusu. Niliula nimesimama, wapita njia wakinitazama. Ulinichukua muda kuutafuna. Alipoona nimemeza, aliinama kwa taabu juu ya mguu wake mbovu, akakipindua kinu kikatazama chini, kama wanavyofanya wanawake kazi inapokwisha.

«Imetimia, Papa,» alisema.