Beji Safi

Beji ya mume wangu ilikuwa safi kuliko yeye, maana ilikaa kabatini miezi minane. Nyapara ndiye aliyewafundisha yeye na wenzake ujanja huo: beji inahesabu mionzi, ikijaa unaondolewa kazini, basi iache kabatini ujifanyie kazi kwa raha zako. Wanaume wazima na ndevu zao wakatii.

"Baba watoto," nilimwuliza, "hiyo mionzi inaingia kwenye beji au mwilini?"

Akanijibu eti mambo ya kinu cha nyuklia siyaelewi. Ningeyaelewaje, na mimi sina nyapara?

Kinu kikalipuka Jumanne asubuhi. Alisomba vifusi siku mbili, akarudi anatapika, nywele zinabaki kwenye mto. Ovaroli yake niliifua, maji nikamwagilia mchicha wa bustanini.

Juma lililofuata wakaja watu waliojifunika plastiki toka kichwani hadi miguuni, na mashine inayolia. Wakaung'oa mchicha na udongo wake, wakaufukia kwa zege, wakaniachia cheti chenye mhuri kuwa una mionzi. Mchicha ulizikwa kwa heshima za waziri. Ndani hawakuingia, walitumwa bustanini tu.

Mume wangu naye alihitaji cheti, kwani hospitali ya mionzi haipokei mtu bila saini ya daktari wa kinu. Nikaenda. Daktari alifungua faili, macho hakuinua.

"Mama, beji yake inasoma sifuri. Mumeo hana mionzi. Labda kala kitu kibaya."

"Kama yeye mzima, mbona mchicha wangu mgonjwa?" Nikamwekea cheti cha mchicha mezani.

"Mchicha ni idara nyingine."

Nilicheka. Nikatoa ovaroli ya mume wangu kwenye mfuko niliobeba, nikaikunjua juu ya faili zake.

"Hii ni nguo ya mtu asiye na mionzi. Nimeifua. Ijaribu, daktari, kimo mnalingana."

Msomi yule aliruka, kiti kikaanguka, akajibana ukutani akiita walinzi. Walinzi walichungulia, wakaona ovaroli, wakafunga mlango kwa nje.

"Iondoe, mama, nakuomba!"

"Saini."

Akasaini karatasi ya hospitali akiibana ukutani, uso kaugeuza, akanirushia pamoja na kalamu yake. Nilipomrudishia kalamu, aliikataa.

Hospitali ilimpokea siku ileile. Walisema tumechelewa, wakamhangaikia siku tisa. Tulimzika kwa zege, hatua chache kutoka kwenye mchicha. Beji yake nimerudishiwa. Yenyewe haijambo.