Mlango wa Wikio

"Nenda basi! Nenda Mombasa ukahesabu magunia ya watu!" Sauti ya Bi Swafiya ililitikisa pazia lililowatenga. "Mama yangu aliweka wakfu ili upate kusomesha, kaka yangu amekufundisha, jikoni kwangu umekula. Leo unaniaga kama mpangaji anayehama."

"Mpangaji ana mapatano, Bi Swafiya," Fadhil alijibu taratibu kutoka upande wa pili. "Mimi sina."

Bi Swafiya akalisogelea pazia.

Kijana huyu alikuwa mwalimu msaidizi katika darasa la mtaa wa Langoni, lililoendeshwa na kaka yake Bi Swafiya, Maalim Obeid. Posho yake ilitoka katika shamba la bara, wakfu wa marehemu mama yao, Bi Mwanaarabu, kwa sharti kwamba ilipwe kwa mavuno ya shamba hilo tu. Mavuno yakija, Fadhil huitwa. Masika yakianza na ghala likikauka, huambiwa kwaheri, akaenda kisiwa cha Ndau kufundisha watoto wa wavuvi kwa chakula na malazi hadi mavuno mengine. Bi Swafiya ndiye aliyeusimamia wakfu, na mpango huo aliupenda. Aliamini kijana akiwa na wasiwasi kidogo huamka mapema.

"Na ile kazi yako ya vivuli?" akauliza. "Si ulisema utatupatia saa za sala za Amu yetu wenyewe, waadhini waache kugombana siku za mawingu?"

"Nilisema. Haitakamilika. Panda sakafu ya juu ya darasa ukaone, Mama. Mimi nitangoja hapa."

Nyumba ya Bi Swafiya na nyumba ya darasa ziliunganishwa na wikio, kile chumba kilichojengwa juu ya uchochoro ili wanawake wavuke bila kushuka njiani. Mlango wake ulikuwa umefungwa tangu Bi Mwanaarabu alipofariki. Kufuli lilikataa. Bi Swafiya akaugeuza ufunguo kwa mikono miwili, akaupiga mlango bega, nao ukaona heri ufunguke.

Juu ya paa, katikati ya sakafu ya chokaa iliyo wazi kwa jua, kilisimama kijiti kilichonyooka kama alifu. Kando yake palikuwa na nukta zilizochongwa kwa msumari, kila moja mahali kivuli kilipofika adhuhuri ya siku moja, jua lilipopinduka. Upande wa kaskazini zilisongamana kama shanga. Zikaupita mguu wa kijiti, zikaanza kuelekea kusini, kisha zikakatika. Toka hapo ilikuwa chokaa tupu, nyeupe, safi.

Alikuwa amepanda kutafuta uvivu. Uvivu hauachi pengo lenye ukingo ulionyooka namna ile. Mwaka baada ya mwaka, palepale jua lilipokwenda kaskazini na kivuli kikaelekea kusini, mtu huyu alikuwa Ndau. Huko hakuna sakafu ya chokaa, kuna mchanga, na mchanga hauweki kumbukumbu ya mtu.

Akainama, akapitisha kidole pale palipokuwa patupu. Alizoea kujua kila ufa wa nyumba zake. Huu hakuujua, na ndiye aliyeupasua.

Maalim Obeid alimkuta hapo.

"Umeona," akasema.

"Nimeona. Wewe uliona lini?"

"Zamani."

"Ukanyamaza?"

"Swafiya, na mimi nilikaa hivihivi chini ya mwalimu wangu hadi ndevu zikaota mvi. Kungoja ndiko kunakompika mwanachuoni."

"Na ulipoiva, kaka, uliandika nini?"

Maalim Obeid aligeuza uso, akaitazama Manda ng'ambo ya maji kana kwamba ndiyo iliyouliza.

"Nilikuwa na maswali mengi," akasema baadaye. "Siku nilipopewa busati langu la ualimu, nilikuwa nimechoka kuuliza."

Ukali ulimtoka Bi Swafiya. Akataka kumshika mkono, lakini hawakulelewa hivyo. Akampangusia tu vumbi la chokaa begani.

"Sharti la mama haliguswi," Obeid akaendelea. "Na nikimpa nafasi ya maisha leo, kesho akilala, nani atamwamsha?"

"Nani amesema apewe leo? Mtazame Fundi Barka anayetuchongea milango. Humpa mwanafunzi wake mlango mzima. Hamtoi kazini ua la nakshi likiwa nusu, kisha akamlaumu kwa ua bovu. Akimaliza, mafundi wote huja kuukagua. Ukipita, anakaa. Usipopita, anaaga."

"Elimu si ubao."

"Kweli. Ubao tunauonea huruma zaidi."

Obeid akacheka bila kupenda, na kwa kicheko hicho dada yake akajua amemshinda. Alishuka ngazi akiwa ameshapanga kila kitu. Alipofika kwenye dirisha la wikio, akaita kupitia vijiti vyake. Chini, Bwana Hadi muuza halua alikuwa amejinyoosha barazani.

"Bwana Hadi! Una wudhu?"

"Ninao, Bi Swafiya. Kuna maiti?"

"Kuna mtu hai. Njoo ushuhudie. Na ulete halua, usije mikono mitupu."

Wanaume watatu wakakusanyika ukumbini. Bi Swafiya akasema nyuma ya pazia, kila neno mahali pake.

"Shuhudieni. Sharti la mama litafuatwa kwa mali ya mama. Mimi nina mali yangu. Duka langu la Langoni nimeliweka wakfu kwa mwalimu kijana wa darasa hili. Atapata posho miaka mitano, masika na kiangazi, wala hatapelekwa kokote. Mwaka wa tatu atawasomea wanazuoni alichofikia, wamsahihishe. Wa tano watamtahini msikitini, mbele ya watu. Akifaulu, nafasi ni yake hadi mwisho wa umri wake. Wa kwanza ni huyu Fadhil, akikubali."

"Nimeshuhudia," akasema Bwana Hadi, mdomo umejaa halua.

Maalim Obeid akafuata. "Nimeshuhudia. Na mwaka huo wa tatu, mimi nitakaa mbele kabisa. Nina maswali."

"Na nisipofaulu?" akauliza Fadhil.

"Utaondoka ukiwa umejaribu kwa tumbo lililoshiba. Mombasa haihami."

Fadhil aliutazama mtumba wa nguo zake mlangoni, kisha akautazama mwanga uliokuwa ukisogea juu ya kizingiti, baina ya wingu na wingu.

"Bi Swafiya, jua linakaribia kupinduka."

"Na wewe bado umesimama?"

Nyayo zikapanda ngazi za darasa mbiombio. Bi Swafiya alirudi wikioni, akalitoa lile kufuli, akamkabidhi Bwana Hadi alitupe baharini. Mlango akauacha wazi, ili chakula kipite. Akasimama palepale, juu ya uchochoro, akitega sikio.

Kutoka sakafuni ukasikika msumari ukigonga chokaa, mara moja. Akangoja pigo la pili, kisha akakumbuka kwamba hilo ni la kesho.