Ghala la Bombambili

Mwanahawa alianza kumtilia shaka shemeji yake siku shemeji huyo alipompigia simu kumuuliza alisoma shule gani ya msingi.

"Nakapanya, kule Tunduru," alijibu. "Kwani kuna nini?"

"Basi tu, shemeji."

Muhsini, mdogo wa marehemu mumewe, hakuwa mtu wa kupiga simu kwa basi tu. Lakini tangu Mwanahawa aanze kukaanga korosho na kuziuza stendi ya Songea, alikuwa hakauki pale nyumbani. Mtaji Mwanahawa aliudunduliza mwenyewe kutoka kwenye ruzuku ya kaya maskini, na hapo ndipo Muhsini alipopata pa kumtishia.

"Bila namba ya mlipakodi watakusumbua. Na ukienda mwenyewe, wakajua una biashara, ruzuku watakufuta. Niachie mimi, nitaandikisha kwa jina langu."

Mwanahawa akamwachia, na kitambulisho chake cha taifa akampa. Sasa simu ilipokatika, swali likamganda: kama jina ni la Muhsini, kitambulisho changu kilikuwa cha nini? Na shule yangu?

Kila alipomuuliza habari za namba, jibu lilikuwa mtandao unasumbua. Siku moja akamwona anashusha mizani mpya mbele ya ghala lake la mahindi, Bombambili. Muhsini alipomwona, akaingia ndani haraka.

Kesho yake Mwanahawa hakukaanga. Alikwenda ofisi ya mapato, roho mkononi. Binti wa mezani, Leticia, alimwamkia shikamoo, akaingiza majina kwenye kompyuta, kisha akamtazama kwa mshangao.

"Mama, mbona namba unayo? Nafaka kwa jumla, Bombambili."

"Mimi? Mwanangu, mimi nina kikaango na jiko la mkaa."

Leticia akamweleza taratibu. Namba huombwa mtandaoni kwa kitambulisho cha taifa, na mwombaji huulizwa maswali ya kumthibitisha, kama shule ya msingi aliyosoma. Kujiandikisha ni lazima, ila kwa mauzo yake ya korosho kodi ya mapato bado haijamfikia. Ya ghala ndiyo kubwa, na ingemfuata yeye.

"Ghala ni la nani, mama?"

Mwanahawa akakumbuka mazishi. Muhsini ndiye aliyeingia kaburini kumpokea mumewe. Watoto wao wanakula sinia moja.

"La shemeji yangu," alisema. "Anaitwa Muhsini."

Jioni, baada ya kupigiwa simu na ofisi ya mapato, Muhsini alikuja akifoka. "Umeniuza! Mimi nilikuwa nakulinda!"

"Kwa kunibebesha kodi ya mahindi yako?"

"Ningelipa mimi."

"Wallahi ungelipa?"

Muhsini akageuka, akaondoka.

Mwanahawa hakungoja mtu amchongee. Alikwenda kwa msimamizi wa ruzuku wa mtaa, akamwambia wazi kwamba anauza korosho. Yule baba akacheka, akasema ndivyo wanavyotaka watu wafanye. Hali yake itatazamwa tathmini ijayo, kama ya kila mtu. Mwanahawa alitoka pale akijiuliza kile kicheko kilikuwa na maana gani. Malipo yaliyofuata yaliingia, naye akayapokea bila kuamini.

Namba yake ilirekebishwa. Muhsini akatakiwa kuandikisha ghala kwa jina lake, na miezi ikapita bila salamu.

Sikukuu ya kuchinja, mkewe Muhsini, Asma, akaleta nyama kwenye bakuli. "Shemeji yako amesema mle."

Mwanahawa akashukuru, akaiweka mezani. Akawaza safari hii Muhsini anataka nini. Kisha watoto wakalalamika njaa, akabandika sufuria.